Kuku Waliozimia

Tarehe 6 Februari

Dada yangu mpenzi,

Sasa hivi, nikiwa natafuta kalamu, Chiriku amechukua paja moja katika yale mapaja ya kuku uliyotutumia, akaliweka kwenye karai la kufulia na kulisugua kwa sabuni ya mche. Nimemkuta analikamua kama soksi. Nikamwuliza, "Mwanangu, unafanya nini?" Akanijibu bila hata kugeuka, "Naua vijidudu. Si ulisema wako kila mahali?" Miaka minne, dada, na mdomo wake ndio huo. Nimelisuuza maji matatu, na sasa liko jikoni linachemka na kutoa povu kama nguo. Tutalila hivyo hivyo. Nyama haitupwi kwa sababu imeoga.

Honi kaniambia unataka habari za chuo, na kwamba simu yako imetumbukia kwenye pipa la maji ya moto ikanyonyoka kama kuku. Pole. Basi nitakuandikia, na yeye akipita na lori lake atakuletea. Mwalimu naye anasema mwenye kuandika barua haandiki insha mbovu.

Chumba changu kiko nyuma ya duka la kudurufu karatasi, na ukuta mmoja una joto kutwa nzima kwa ajili ya ile mashine. Choo tunatumia vyumba sita, na sisemi zaidi kwa sababu bado sijala.

Darasani tuko ishirini na wawili, watu wazima watupu. Yuko mlinzi mstaafu mwenye wajukuu, miwani yake kaifunga kwa uzi. Mimi naketi na msusi. Siku ya kwanza alisogeza daftari lake upande wa dirisha, nikajua ni harufu yangu. Nimejisugua kwa limau, kwa majivu, kwa mswaki mkuukuu, na ile harufu ya manyoya yaliyolowa maji ya moto bado iko kwenye nywele. Nikitoka jasho inaamka. Miaka sita ya kutoa matumbo ya kuku haitoki kwa wiki tano. Baadaye msusi aliniambia alikuwa anafuata mwanga tu, ila sikumwamini sana.

Jana mwalimu alitukwangua uchafu wa kucha, akauweka chini ya hadubini, tukachungulia mmoja mmoja. Dada, kuna vitu vinatembea. Nilivyoona vyangu nilitamani nikabidhi mikono yangu hapo hapo niondoke bila. Tangu jana namlisha mtoto kwa kijiko.

Lakini nina furaha, usije ukadhani vingine. Unamkumbuka yule bibi afya aliyekuja kiwandani mwaka ule, koti jeupe, kalamu mfukoni? Mwenye kiwanda mwenyewe alimshikia mlango. Mimi nilikuwa nimeshika utumbo mkononi, nikajisemea, kumbe mtu anaweza kuingia humu akatoka bila kunuka. Na ile siku Chiriku aliulizwa shule ya watoto mama yake anafanya kazi gani, akasema "anatoa matumbo," wenzake wote wakaziba pua. Nataka siku akiulizwa tena awe na jibu jingine. Kozi ni miezi kumi. Nikipata cheti nitakuwa msaidizi wa bibi afya, na mwenye kipaji anaendelea.

Paja limeiva. Linanukia sabuni.

Mdogo wako,
Mama Chiriku


Tarehe 15 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako imefika imekunjwa mara nane na ina alama ya buti la Honi. Nimeisomea chooni, maana hapa kiwandani ndiko mahali pekee mtu haulizwi anafanya nini.

Mwambie mwanangu mama mkubwa kasema akiendelea kuwaogesha kuku kwa sabuni atatunyima kazi watu mia moja na themanini. Na wewe, kinyaa chako nakijua toka zamani. Ulikuwa huli yai ukiona kile kiuzi cheupe. Mama alikuwa anakutolea kwa ncha ya kijiko, na mimi nakila. Ndivyo tulivyogawana dunia, wewe yai, mimi kiuzi.

Sasa sikia habari yangu. Nimepandishwa. Mimi ni msimamizi wa mapokezi, pale lori linaposhusha matenga ya kuku. Nimepewa buti nyeupe, filimbi, na daftari ambalo kalamu yake imefungwa kamba kama mbuzi. Kila asubuhi naandika matenga yaliyoingia na kuku waliokufa njiani, kisha naweka sahihi. Mtu wa darasa la nne, anaweka sahihi. Wasichana wa meza ya matumbo wameshaniita Bi Filimbi, na wanadhani sijui.

Babake Chiriku alipita hapa wiki jana. Kaulizia viatu vyake. Nikamwambia viatu viliondoka kumtafuta yeye.

Ukifa ganzi kwa kusoma usirudi nyuma. Watu wakiniuliza mdogo wako yuko wapi, nasema anasomea ubibi afya, tena nasema kwa sauti, ili wale wa ofisini wasikie.

Nimempa Honi pakiti ya shingo na migongo. Chemsha sana.

Dada yako,
Bi Filimbi


Tarehe 3 Machi

Dada yangu Bi Filimbi,

Hongera. Nimemsomea Chiriku, sasa anapuliza kifuniko cha kalamu yangu na kunipanga foleni na ndoo.

Nina jambo la kukuhadithia, na nina swali.

Mwalimu alitupa kazi ya nyumbani: "Andika hatua kwa hatua kazi moja uliyoifanya, kama unamfundisha asiyeijua." Wenzangu waliguna. Mimi nilifurahi, maana ndiyo mara ya kwanza kitu ninachokijua kimeulizwa shuleni. Niliandika kurasa nne. Niliandika matenga yanavyoshushwa, kuku wanavyotundikwa kwenye kulabu miguu juu, kaka wa kisu anavyochinja, mfereji wa damu, pipa la maji ya moto, manyoya yanavyokung'ang'ania kwenye kope. Niliandika firigisi inavyopasuliwa na ule mchanga wake na ile ngozi ya njano inavyobanduliwa. Niliandika nyongo, kwamba ikipasuka mkononi hata ukila mkate kesho yake unakuwa mchungu. Msusi alisoma ukurasa wa pili akasema hatakula kuku mpaka harusi ya mwanawe, na mwanawe ana miaka miwili.

Kisha nikaandika habari za waliozimia, kama ulivyonifundisha siku yangu ya kwanza. Kwamba kwenye matenga huwa kuna kuku waliozimia kwa joto la safari. Hao hawatundikwi na wenzao. Mimi nilikuwa nawabeba kwa miguu, wanne mkono huu na wanne mkono ule, hadi mlango wa nyuma, wakapumzishwe kivulini na kumwagiwa maji ya baridi. Wakizinduka wanachinjwa, wananyonyolewa huko huko, wanarudi mezani kwetu. Nikaandika pia kwamba huo ni utu, kutomtundika kiumbe mgonjwa.

Mwalimu aliipenda. Alisimama akaisoma mbele ya darasa, anatingisha kichwa, watu wanacheka pale pa nyongo. Alipofika kwa waliozimia akalishusha daftari. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaniuliza, "Katika miaka sita, wewe mwenyewe uliwahi kumwona kuku mmoja akizinduka?"

Nilicheka, nikadhani ni mzaha. Nikaanza kukumbuka ili nimjibu. Nikasema, "Mwalimu, mlango wa nyuma ulikuwa unafungwa." Yule mlinzi mstaafu akasema taratibu, "Milango inayofungwa naijua mimi."

Daftari hakunirudishia. Hakunipa alama. Aliandika chini kwa wino mwekundu, akanionyesha: Njoo ofisini.

Wewe uko mapokezi sasa, unaona kila kitu. Wanazinduka, sivyo? Niandikie tu neno moja nimpelekee.

Mdogo wako,
Mama Chiriku


Tarehe 9 Machi

Mama Chiriku,

Umekwenda kusoma au umekwenda kusimulia ya watu?

Joto ni joto. Kuku ni kuku. Wengine wanazinduka, wengine hawazinduki, na mimi sikai mlangoni kuwatazama machoni. Nina matenga mia nne ya kupokea.

Chukua daftari lako kwa mwalimu. Mwambie unalihitaji kwa mtihani. Likirudi, zile kurasa nne chana, washia jiko. Andika nyingine, andika ulivyofua nguo au ulivyosuka mkeka. Kuna kazi elfu za kuandika mtu akapewa alama zake kwa amani.

Pakiti hii ni maini. Mpe mtoto, yanaongeza damu.

Dada yako


Tarehe 20 Machi

Dada,

Nilikwenda ofisini, daftari sikulipata. Mwalimu amelipeleka kwa mkuu wa chuo, na mkuu ndiye pia bwana afya wa wilaya. Lakini leo siandiki kwa ajili ya daftari.

Jumanne tulipelekwa machinjio ya sokoni kujifunza kwa macho. Mwalimu aliweka kuku wawili kwenye sinia jeupe. Mmoja alichinjwa mbele yetu. Damu ikamtoka yote, akanyonyolewa, akapasuliwa, nyama yake nyeupe na shingo safi. Wa pili alikutwa amekufa ndani ya tenga asubuhi ile. Naye akatiwa maji ya moto, akanyonyolewa, akapasuliwa. Ngozi ilikuwa na mabaka ya zambarau kama mtu aliyepigwa. Damu ilikuwa imeganda shingoni, nyeusi. Matumbo yamevimba, na kwenye mbavu kumeanza ukijani. Kisu kilipoingia ilitoka ile hewa.

Wenzangu wote waliziba pua. Mimi sikuziba. Niliijua harufu ile kama mtu anavyoijua harufu ya mto anaolalia. Nilizijua shingo zile. Ni hizi zilizokuwa zinatujia mezani kutoka mlango wa nyuma, na wewe ukipita nyuma yetu unasema, "Hizo zenye rangi kata shingo, piga chumvi na ndimu, zitatakata." Nilikuwa nazikata. Nilikuwa nasifiwa kwa kuzikata haraka.

Msusi akauliza, "Huyu wa pili anaitwaje kitaalamu?" Mwalimu akasema hahitaji utaalamu, anaitwa kibudu. Neno ambalo hata Chiriku analijua.

Nilitoka nje nikatapika mfereji mzima. Msusi alinishikia kitambaa cha kichwa. Nikawa natapika na kuhesabu wanne mkono huu, wanne mkono ule, na kukumbuka jinsi vichwa vyao vilivyokuwa vinaning'inia na kunigonga gonga kwenye goti. Kitu kilichozimia kina joto, dada. Wale walikuwa baridi. Mikono yangu ilijua tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyeiambia inyamaze.

Niliporudi nyumbani nilichukua pakiti ya maini nikaitupa shimo la taka. Paka wa mama mwenye nyumba akalifukua ini moja, akaja kulila kitandani kwangu, juu ya shuka, analamba midomo. Nimefua shuka mara mbili. Naona doa ambalo halipo.

Sasa nakuuliza, na sitaki uniambie habari za joto. Mwaka jana, ule mwezi Chiriku alipoharisha siku nane, mishipa ya mkono ikapotea wakamwekea dripu mguuni. Wewe ulikuwa unampepea. Ulifua mashuka yake usiniachie hata moja. Ulisema ni maji ndiyo yaliyomdhuru. Wiki ile tulikuwa tumekula pakiti uliyotoka nayo kazini.

Ulijua?

Mama Chiriku


Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu,

Nimekaa na barua yako siku kumi. Honi alipita mara mbili nikamwambia sina jibu. Leo ninalo.

Ndiyo. Ni vibudu. Wote tunajua, toka kaka wa kisu mpaka anayefagia, na siku ya kwanza kila mtu anaambiwa wamezimia, na kila mtu anakubali kwa sababu kukubali kunamrahisishia kunawa mikono akala. Mimi niliambiwa na aliyenitangulia. Nikakwambia wewe. Ulikuwa na miaka kumi na sita, ungelia, na wanaolia hawapewi aproni.

Wazuri wazuri wanakwenda kwenye mifuko ya kuuza. Walioharibika zaidi ndicho kitoweo cha wafanyakazi. Ndizo hizo pakiti.

Unaona kinyaa. Haya, ona na hili. Mama alipofariki ulikuwa na miaka kumi na moja, mbavu zako zinahesabika. Mimi nilikuwa nakuja na pakiti jioni, nakupikia kesho yake, unaniuliza kwa nini hatuli siku hiyo hiyo. Nilikuwa natangulia kula mimi, kipande kimoja, nalala nacho. Nikiamka tumbo halijaniuma, nakupikia wewe. Miaka yote hiyo. Ndivyo ulivyopata hayo mashavu unayokwenda nayo chuoni. Umenenepa kwa hao hao unaowatapika.

Wiki ile ya Chiriku niliumwa kidogo asubuhi. Nikasema ni uchovu. Nikakupa pakiti.

Hilo moja nalibeba mwenyewe, usinisaidie. Mashuka yale nilifua kwa sababu sikuweza kukutazama. Halafu nikaendelea kutuma. Ungeniuliza kwa nini pakiti zimekoma, na mimi sikuwa na jibu. Ndiyo maana naandika chemsha sana.

Sasa la pili. Juzi walikuja watu wawili wenye makoti meupe. Wakaonyeshwa mlango wa mbele, wakapewa soda, wakaomba daftari la mapokezi. Daftari langu. Kwenye safu ya waliokufa njiani nimeandika sifuri kila siku tangu nilipokabidhiwa filimbi, na chini yake sahihi yangu, nzuri, ina mkia. Mwenye kiwanda alinisimamia bega hili akasema, "Msimamizi wetu ni mwaminifu sana, kila kitu yeye ndiye anayekiandika." Ndipo nilipoelewa kwa nini mtu wa darasa la nne alipandishwa.

Walinionyesha karatasi. Ni mwandiko wako. Ile herufi ya g unayoizungusha kama sikio. Nilisema siujui.

Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu. Sema ulitunga. Sema ni hadithi, ulitaka kuchekesha darasa. Mtu hafungwi kwa kutunga. Mimi nikitoka hapa nina miaka thelathini na tisa, sina cheti, sina kazi nyingine mikononi ila hii, na jina langu limekaa chini ya sifuri hamsini.

Chana barua hii.

Dada yako


Tarehe 11 Aprili

Dada yangu,

Sijaichana. Nimeikunja nimeiweka ndani ya blauzi, na inanikwaruza.

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi nje ya ofisi ya mkuu wa chuo. Chiriku yuko hapa na mimi kwa sababu sikupata wa kumwachia, anamfundisha karani jinsi ya kunawa katikati ya vidole. Karani ni mtu mzima mwenye ndevu na anatii.

Jumatatu mkuu aliniita. Ni mtu wa maneno machache, meza yake haina hata kikombe. Akasema, "Insha hii imekuwa faili. Ama ni ya kweli, utaweka sahihi kila ukurasa, na utaulizwa. Ama umetunga, na sisi hatufundishi wakaguzi wa kutunga. Utarudisha vitabu siku hiyo hiyo." Akanipa mpaka leo saa nne. Nikamwuliza aliyeweka sahihi kwenye daftari la mapokezi atafanywaje. Akasema, "Inategemea. Anayeletwa huulizwa kama mshitakiwa. Anayekuja kwa miguu yake husikilizwa kama shahidi. Huyo mtu unamjua?" Nikasema namjua.

Siku tano hizi sijala nyama, sijala hata yai. Nilidhani nitakuchukia, na nilijaribu. Nilikaa nikawaza kipande kile kimoja unachokila jioni na kulala nacho, unasubiri tumbo likuambie kama mimi nitaishi. Nikaona kinyaa mpaka mate yakanijaa. Halafu kinyaa kikanishinda nguvu nikalia, maana sikuweza kukitenganisha. Mikono iliyonilea ndiyo hiyo, na kilichonilea ndicho hicho, na vyote vimo ndani yangu vimeshakuwa mifupa. Nisugue nini?

Niliwaza pia kusema nimetunga. Nisikudanganye, niliwaza siku mbili nzima. Ningerudisha vitabu, ningepanda lori la Honi, ningevaa aproni. Na siku yangu ya kwanza angekuja msichana mwingine wa miaka kumi na sita, angeniuliza mbona hawa baridi. Ningemwambia nini mimi? Hapo ndipo nilipoona kinyaa kuliko siku ya sinia. Nilijisikia nimeshafungua mdomo kumjibu.

Kwa hiyo nitaweka sahihi, dada. Kila ukurasa. Nitasema ni kweli, na nitaongeza niliyoyaacha, kwamba walikuwa baridi na mimi nilijua. Nitasema niliwabeba kwa mikono hii na nilikata zile shingo. Nitasema aliyeniambia wamezimia ni dada yangu, naye aliambiwa, na kwamba kalamu kafungiwa kamba na mwingine. Sitakuficha. Nikikuficha wewe, mwenye kiwanda atajificha nyuma yako, na wewe ni mwembamba kuliko anavyodhani.

Ukinichukia utakuwa na haki. Chukia ukiwa njiani. Honi anakuletea hii leo hii, naye anageuza kesho alfajiri. Panda. Nimeshaongea naye, kasema kiti cha mbele, hutakaa na matenga. Njoo useme mwenyewe kabla hawajakufuata. Yale uliyoniandikia mimi, waambie wao, hata la kipande kimoja. Najua kusema kuna aibu. Mimi nimetapika mbele ya darasa zima na bado wananiachia nafasi kwenye benchi.

Kitanda changu ni cha watu wawili ukilala ubavu. Chiriku anapiga teke, utazoea. Ukuta wa duka una joto, mgongo wako utaupenda.

Na kuna jambo jingine, usinicheke. Darasa jipya linaanza mwezi wa tisa. Nilimwuliza mwalimu kama mtu wa miaka thelathini na tisa anapokewa, akasema yule mlinzi ana hamsini na nane na ndiye anayeongoza kwa alama. Nikamwuliza kama darasa la nne linatosha. Akasema kuna miezi mitatu ya kusoma na kuandika kwanza, kwa watu wazima, asubuhi, na kwamba wanaotafutwa sana ni wale wanaojua mlango wa nyuma uko wapi. Kwa hiyo nimechukua fomu moja zaidi. Nimeandika jina lako juu, lile kamili, kwa herufi kubwa. Pengine pote nimeacha wazi ujaze mwenyewe. Ila wameuliza ni nani atakayekusimamia darasani ukikwama, hapo nimejiandika mimi. Na mwisho wameuliza sababu ya kutaka kusoma, wameacha mistari mitatu, nikaona mitatu haitakutosha, nikageuza nyuma ya karatasi nikaanza kukuandikia, sijui kama nimepatia, utasahihisha. Karani ananiita, nimemwonyesha kidole asubiri. Nimeandika hivi: Dada yangu ni mtu ambaye kwa miaka kumi na mmoja amekuwa akila kwanza ili —